Zawadi ya Mbavu Mbili

Dhari alikuwa mtu wa zawadi. Kila alipompiga mkewe, kesho yake alikwenda dukani. Jino la upande wa kushoto lilileta bangili za dhahabu. Mkono uliotenguka ulileta zulia la Kiajemi. Na siku aliyomburuta kwa nywele kutoka jikoni hadi sebuleni, kwa sababu wali wa machbus umeungua chini, alirudi na friji ya milango miwili. Majirani walisema Anud kaolewa na bahari, haiishi kutoa lulu. Majirani nao! Walisikia bangili zikilia, lakini kilio kilichotangulia bangili hakuna aliyekisikia.

Safari hii zilikuwa mbavu mbili na jicho, na zawadi, iliyochelewa wiki nzima, ilikuwa kamera ya kidijitali ya kwenda nayo Ulaya.

Mchaguzi alikuwa Badria, dada yake Dhari, mwalimu wa jiografia mwenye miaka thelathini na minne, ambaye hakuolewa na aliishi nyumba moja na kaka yake na wifi yake. Jioni hiyo hiyo, saa mbili, yeye na Anud walikuwa wapande ndege kwenda Vienna kwa wiki nane, kama ilivyo desturi ya nusu ya Kuwait kulikimbia joto kuanzia Juni. Mama yao Dhari na Badria alishatangulia kutibiwa magoti, na Dhari angewafuata Agosti. Hayo ndiyo aliyoyajua Dhari. Asiyoyajua ni kwamba Anud hakuwa na nia ya kurudi. Kaka yake Anud, daktari aliyekaa Vienna miaka kumi, alishamtafutia chumba na wakili, na wakili alisema pasipo picha za majeraha kesi haitasimama. Badria ndiye aliyejitolea kuzipiga. Pasipoti zote mbili zilikuwa kwenye mkoba wake. Ya Anud ilipatikana kwa saini ya mume, na mume aliitia huku akicheka. Kilichobaki ni masaa matatu ya kumchekea Dhari, kazi ambayo Badria alikuwa ameifanya tangu utotoni.

Dhari aliegesha gari mbele kabisa ya duka, pale mtaani Hawalli, magurudumu mawili juu ya njia ya watu. Aliacha injini ikinguruma na kiyoyozi kikipuliza, kwa maana jua la alasiri ile lingemchemsha mtu akiwa mzima.

"Wewe baki humu humu," alimwambia Anud. "Usije ukawatisha watu na hilo jicho."

Akacheka. Anud, uso umefunikwa kwa nikabu, alikuwa ameshikilia ubavu kwa mkono mmoja na kupumua nusu nusu, maana pumzi nzima ilimuuma.

Mwenye duka aliitwa Sabri, Mmisri aliyeishi Hawalli miaka ishirini na sita. Kichwani hakubakiwa na unywele hata mmoja, ila mdomo ulikuwepo na ulikuwa kazini muda wote. Kwenye kiti karibu na kaunta alikaa Abu Jarah, Mkuweti wa miaka sabini na kitu, akingoja betri ya kamera yake ijae.

"Karibu pasha! Karibu mwalimu!" Sabri alisema. "Mwaka huu wapi? Msiniambie London. London mmeijaza mpaka Waingereza wenyewe wamehama."

"Vienna," Dhari alisema. "Nitolee kamera nzuri. Zawadi ya mke wangu."

"Bahati yake! Mimi wangu nikimpeleka kwao Tanta kwa basi ananibusu mkono."

Alipanga kamera tatu juu ya kioo cha kaunta, akazieleza kama baba anayeozesha. Ndogo hii inaingia mkobani, lakini inakula betri yake yenyewe tu. Chaja ikipotea huko milimani, umebaki na kipande cha bati. Hii ya kati inatumia betri za kawaida, zile za redio, duka lolote utazipata. Na kubwa hii, pasha, lenzi yake inauvuta mlima mpaka unaugusa kwa pua.

"Kubwa," Dhari alisema.

"Nzito hiyo, kaka," Badria alisema. "Ya kati inatosha. Anud hataweza kuvaa hiyo kubwa shingoni, na zile mba..."

Alijiuma ulimi, lakini kwa kuchelewa. Dhari aliendelea kumtabasamia Sabri. Huku chini ya kaunta alikamata nyama ya mkono wa dada yake, juu ya kiwiko, akaifinya kwa vidole viwili na kuizungusha taratibu hadi machozi yakamlenga.

"Anud atavaa nitakachomvisha," alisema. "Bei?"

"Tisini na tano. Na stendi hii ya miguu mitatu nakutupia bure."

"Dinari tisini na tano! Kwani inapika?"

"Haipiki, pasha, lakini hata kuunguza haiunguzi!" Sabri alijicheka mwenyewe mpaka tumbo likatikisika.

Dhari hakucheka. Alipiga kioo cha kaunta kwa kiganja, zile kamera tatu zikaruka, na Abu Jarah akainua macho. Sabri wa watu hakujua amegusa nini. Badria alijua, na alitamani amzibe mdomo yule Mmisri kabla hajaleta mzaha mwingine. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na robo. Wachukue kubwa, ndogo, hata jiwe, ilmradi watoke.

"Nzuri, tuchukue hiyo kubwa," alisema haraka. "Umechagua vizuri, kaka."

"Ngoja. Sabri, unachukua za zamani ukakata bei? Badria, mpe ile yako."

"Yangu mbovu tu, kaka. Haina thamani."

"Kama haina thamani unaing'ang'ania ya nini?"

Akamtazama. Lilikuwa lile jicho la kupima, ambalo nyumbani hutangulia mkono. Badria akafungua mkoba.

Hakuwa na hofu kubwa, na mjue kwa nini. Nyumbani kwao, kama kwa wengi wa pale, kamera ilikuwa na kadi mbili za kuhifadhia picha. Iliyopakwa doa jekundu la rangi ya kucha ilikuwa ya wanawake: usiku wa hina, harusi, nywele wazi, mabega wazi. Isiyo na doa ilikuwa ya picha ambazo hata mpita njia angeweza kuzitazama. Mwanamume akiiomba kamera, kadi ya doa hutolewa kwanza, na ikishatoka wenyewe hulala usingizi. Bibi zao walificha barua kifuani, wao walificha kadi. Badria aliichomoa ile ya doa mbele ya wote, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, na hakuna mwanamume aliyeuliza chochote, kwa kuwa kuuliza ni utovu wa adabu. Kisha akampa Sabri kamera tupu.

Sabri aliiwasha, akabonyeza kitufe cha kutazamia picha ili ajue kama kioo kinafanya kazi.

"Haa, hii nayo!" alisema. "Kadi mmetoa, lakini ina vitu tumboni. Hizi za miaka ile zina nafasi yake ndani kwa ndani, mwalimu, kadi isipokuwepo zina..."

Akanyamaza. Sabri, kunyamaza!

Badria alielewa papo hapo. Usiku wa mbavu, wiki iliyopita, kadi ya doa ilikuwa imesahaulika kwenye kompyuta ya shuleni. Alimpiga Anud picha saba bafuni, na kesho yake alipozitafuta kwenye kadi hakuziona hata moja. Alilia akijua zimepotea. Kumbe kamera ilikuwa imezimeza na kukaa nazo.

Abu Jarah, aliyekuwa karibu, naye aliona. Uso wake ulibadilika.

"Nini?" Dhari aliuliza.

"Si kitu," Sabri alisema, na Mungu amlipe, alijitahidi. Alikuwa anabonyeza kitufe cha kuzima. "Maua tu. Maua ya mwalimu. Nakupa dinari kumi na tano, pasha, hapana, ishirini, tumalize biashara."

Mfanyabiashara anayepandisha bei dhidi yake mwenyewe, hata mtoto angemshuku. Dhari alinyoosha mkono juu ya kaunta, akaipokonya kamera, akaiwasha. Uso wa Anud ulimtazama kutoka kwenye kile kioo kidogo: nywele wazi, jicho limefura na kufumba, mdomo umepasuka, mchirizi wa damu iliyokauka kutoka puani hadi kidevuni. Akabonyeza. Ubavu, mweusi na zambarau. Akabonyeza tena.

Badria alimtazama kaka yake akizitazama. Kwa muda mfupi alitumaini, na tumaini hilo lilimuaibisha baadaye, kwamba labda akiona kwa macho yake, kwa mwanga, ataona haya.

"Umemtazama mke wangu," Dhari alimwambia Sabri, kwa sauti ya chini kabisa. "Umetazama nywele za mke wangu."

"Wallahi pasha, sikujua..."

Dhari alimshika kwa ukosi wa shati, akamvuta juu ya kaunta. Kioo kilipasuka chini ya tumbo la Sabri. Ngumi ya kwanza ilimkuta puani, ya pili mdomoni, na ya tatu Badria hakuiona, aliisikia tu. Kamera za maonyesho zilianguka moja baada ya nyingine. Sabri alikuwa mzito lakini hakuinua mkono kujitetea hata mara moja. Mgeni wa miaka ishirini na sita anajua bei ya kumgusa mwenyeji. Alijikunja tu chini, akifunika kipara chake kwa mikono miwili, na Dhari akaanza kumpiga mateke.

"Macho yako nitayatoa! Mbwa wewe! Mke wangu!"

"We kijana!" Abu Jarah alisimama, mkongojo mkononi. "Muogope Mungu! Acha kumpiga huyo, itazame hiyo picha uliyoshika! Unamuua mtu kwa kuona, na aliyefanya je?"

"Kaa chini, mzee, hayakuhusu."

"Nakuambia acha! Mimi ni sawa na baba yako."

Dhari alimsukuma kifuani kwa mkono wazi, na yule mzee akarudi kitini kwa kishindo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema, nasi tungoje kidogo tuone.

Maana akili ya Dhari, iliyochelewa kwa hasira, sasa ilikuwa inafika. Aliacha kupiga. Alitazama ile kamera, akageuka polepole kumtazama dada yake.

"Bafuni kwangu," alisema. "Nani kazipiga?"

Badria aliukumbatia mkoba.

"Na zilikuwa za nani? Za kumpelekea nani?" Alimkaribia hatua moja. "Vienna. Kaka yake yuko Vienna. Mnanitoroka, Badria? Wewe, damu yangu, unamtorosha mke wangu kwa nauli yangu?"

Kibao kilimtupa Badria kwenye rafu ya mikoba ya kamera. Alianguka, sikio likimlia, na ladha ya chuma ikajaa mdomoni. Simu ya Dhari ilikuwa imemponyoka katika vurugu, na Abu Jarah, bila haraka, aliivuta kwa mkongojo wake, akaiokota, akaiweka kitini, akaikalia.

"Sasa namshusha huyo malaya garini," Dhari alisema. "Zile zilikuwa mbavu mbili tu. Bado anazo nyingi."

Akampa mgongo dada yake na kuelekea mlangoni.

Tangu utotoni Badria alikuwa amemwona Dhari akipiga: paka, watoto wa jirani, mtumishi wa Kisirilanka, yeye mwenyewe, kisha Anud. Mara zote hizo alikuwa amefanya lile wanalofundishwa mabinti wa ukoo, yaani kungoja iishe halafu kuleta barafu. Mkono wake ulikuta ile stendi ya miguu mitatu, ya bure, ambayo Sabri aliiegemeza ukutani. Ilikuwa ya chuma na nzito. Alisimama, akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha kwa nguvu zake zote kwenye goti la kaka yake.

Goti lililia kama tawi kavu. Dhari alianguka kifudifudi juu ya vioo, akapiga ukelele ambao Badria hakuwahi kuusikia kwake. Ulikuwa ukelele wa Anud kabisa. Alijaribu kuinuka kwa mguu mmoja, akamkamata dada yake kifundo, na Badria akampiga tena, mkononi, mpaka akaachia. Alitaka kumpiga mara ya tatu. Alitaka sana, na hilo lilimtisha kuliko damu iliyokuwa sakafuni.

"Inatosha, binti yangu," Abu Jarah alisema. "Usije ukafanana naye."

Badria alitupa stendi, akachukua mkoba. Pasipoti mbili, tiketi mbili. Uwanja wa ndege ulikuwa mwendo wa dakika ishirini. Alikuwa ameshika mlango pale Sabri alipoita kutoka sakafuni, akitema damu na kipande cha jino.

"Mwalimu. Mwalimu, usiniache na huyu."

"Watakuja kukusaidia, Sabri."

"Nani ataniamini? Mkuweti amevunjika mguu ndani ya duka la Mmisri. Akisema ni mimi, imekwisha. Kibali wananinyang'anya, na kwetu wananirudisha kwa ndege ya kesho. Nina watoto wanne hapa, mwalimu."

"Mzee ameona."

"Mzee ni mzee," Abu Jarah alisema kwa uchungu. "Na aliyepiga ni wewe. Mimi siwezi kulibeba hilo kwa niaba yako."

Badria alisimama pale mlangoni, joto likimpiga usoni na ubaridi wa duka mgongoni. Miaka mitatu alikuwa ameweka akiba ya matumizi ya safari hii. Alishachora ramani ya Vienna kwa mkono wake, mitaa yote, mto wote. Kisha akatoka.

Anud aliteremsha kioo cha gari. Alikuwa amesikia ukelele.

"Ni nani huyo? Badria, una damu mdomoni."

"Hamia upande wa usukani."

"Mimi? Sijashika usukani tangu aninyang'anye leseni."

"Mguu wako haujasahau. Hii pasipoti yako, hii tiketi. Sanduku lako liko nyuma. Ukifika usisimame kuongea na mtu."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi hapa."

"Badria, siendi bila wewe. Wallahi siendi."

"Utaenda," Badria alisema, na sauti yake ikakatika. "Nikija nawe, huyo ndani atasema anachotaka, na hakuna wa kumpinga. Ninakupenda, wifi yangu. Ondoka kabla sijalia, maana nikianza kulia hatutaondoka wote wawili."

Anud alijivuta kwenye kiti cha dereva akiuma meno, mbavu zikimkata. Gari liliruka kwa kishindo kutoka kwenye njia ya watu, likazima, likawaka tena, likaingia barabarani likiyumba, likaenda. Badria alilitazama hadi likapinda kona. Kisha alirudi dukani, akakaa sakafuni mgongo umeegemea mlango, ili Dhari asiweze hata kutambaa.

Polisi, walioitwa na Abu Jarah kwa simu ya duka, walikuja baada ya dakika arubaini, wakati Dhari alikuwa ameshamaliza matusi yote na kuanza upya. Aliyeingia mbele alikuwa kijana mwenye masharubu mapya na redio begani.

"Mzuieni mke wangu!" Dhari alimpigia kelele. "Yuko uwanja wa ndege, anatoroka! Mimi ni mume wake, sikumpa idhini hiyo! Piga simu sasa hivi, ndege ni saa mbili!"

Mkono wa yule kijana ulikwenda kwenye redio. Ukabaki pale, huku macho yakizunguka duka.

"Kwanza nani kamvunja huyu bwana?"

"Mimi," Badria alisema.

"Wewe? Na mwenye duka je, nani kamfanya hivi?"

"Yeye. Mimi ni dada yake, baba mmoja mama mmoja, na ninasema ni yeye. Sabri hakumgusa hata kwa kidole."

"Nami ni shahidi," Abu Jarah alisema. "Tena simu yake hii hapa, imeiva chini yangu."

"Afande, ndege!" Dhari alilia. "Mke wangu!"

Kijana alibonyeza redio, ikakoroma. Badria aliinuka, akaiokota ile kamera kuukuu kutoka kwenye vioo, akaifuta kwa ukingo wa abaya yake, akaiwasha, akamnyooshea. Yule kijana alipoona nywele aligeuza uso upesi kama aliyeungua.

"Huyu ni mke wa mtu, dada. Haifai kumtazama."

"Ndiyo, haifai. Miaka mitano sote tumegeuza uso kwa adabu hiyo hiyo. Ziko saba. Tazama zote."

Kijana alisita, kisha akaipokea. Alitazama ya kwanza. Akatazama ya pili, na ya tatu akaishika karibu na macho. Redio iliuliza mara mbili anataka nini, wala hakuijibu. Alipofika ya saba alitoa mkono begani, akatafuta kalamu mfukoni, akafungua daftari lake juu ya kilichosalia cha kaunta.

"Sawa," alisema, bila kumtazama Dhari. "Nina watu wawili wameumia hapa. Nianze na nani?"

"Ni watatu," Badria alisema. "Anza na Anud."